Siku moja ya kufunga kazi kila wiki: mwongozo kamili kwa fundi, muuza duka na yeyote aliyejiajiri

"Nilijaribu kufunga Jumapili, wiki ya tatu nikafungua tena." Sentensi hiyo nimeisikia kwa mafundi cherehani, kwa akina mama wa genge, kwa madereva wa bodaboda. Hata mimi niliwahi kuisema, mara mbili.

Wote tulikosea mahali pamoja: tulianza na siku yenyewe. Tulifunga kufuli Jumamosi usiku, tukaamka Jumapili na simu ileile, madeni yaleyale, na gauni la mtu tuliloahidi "kesho". Mwili ukabaki nyumbani, roho ikabaki kwenye fremu. Kupumzika kwa namna hiyo kunachosha kuliko kazi, ndiyo maana mtu anarudi kufungua.

Katika mwongozo huu siku ya kufunga ni hatua ya tano. Kabla yake kuna kujipima, hesabu, mshahara na ahadi. Mifano mingi nimeitoa kwenye kibanda cha cherehani kwa sababu ndiko ninakokujua. Wa duka na wa bodaboda nimewawekea maneno yao pale mambo yanapotofautiana.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, lakini daftari likikaa juu ya meza ya kukatia linakukumbusha. Simu inakupeleka kwenye mambo mengine.
- Laini ya pili ya simu au lipa namba, ili pesa ya kazi isichanganyike na ya nyumbani.
- Kibubu au bahasha ngumu.
- Kalenda ya ukutani yenye nafasi ya kuandika kwenye kila tarehe.
- Mtu mmoja wa kukuuliza "umefunga?" Awe mwenzi wako, jirani wa fremu au mwanakikoba mwenzio. Asiwe mtu anayekudai.
- Wiki sita. Ukitaka kumaliza kwa wiki moja, utarudi palepale.

## Hatua ya 1: Jipime kabla ya kugusa hesabu

Uchovu wa kazi na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, vinafanana usoni, lakini havitibiwi sawa. Mwenye uchovu akipata mapumziko ya kweli mara nyingi huanza kupata nafuu. Mwenye sonona anaweza kufunga duka mwezi mzima na moyo ukabaki mzito vilevile.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu wa kazi katika uainishaji wake wa magonjwa kama jambo linalotokana na kazi, bila kuuita ugonjwa. Lilitaja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga au kuichukia kazi yako, na kuona kwamba unachofanya hakina tija. Kwenye kibanda dalili ya pili utaijua haraka. Ni pale mteja anapouliza bei tu na wewe unasikia hasira.

Sasa jibu maswali mawili ambayo wahudumu wa afya huyatumia kama kipimo cha awali cha sonona. Katika wiki mbili zilizopita:

1. Ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo?
2. Ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au umekata tamaa?

Kila swali lipe alama: hapana kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku hizo ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumlisha. Ukipata 3 au zaidi, nenda hospitali ukaongee na mhudumu wa afya, kisha endelea na hatua zinazofuata sambamba na huduma utakayopewa. Alama hizo hazisemi kwamba unaumwa. Zinasema upimwe vizuri zaidi.

Tahadhari: kama yanakujia mawazo ya kujidhuru au kutamani usiwepo, acha kusoma na umwambie mtu leo hii, kisha mwende pamoja hospitali. Tanzania namba ya Wizara ya Afya ni 199, hupigwa bure. Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba 1199, nayo ni bure. Jambo hilo halisubiri hesabu za daftari.

Umefanikiwa ukiwa na: namba moja kati ya 0 na 6, imeandikwa ukurasa wa kwanza pamoja na tarehe.

## Hatua ya 2: Daftari la siku 14

Kila siku andika mambo matano: saa ya kufungua na kufunga, pesa iliyoingia, iliyotoka kwa ajili ya kazi, iliyotoka kwenda nyumbani, na neno moja la hali ya moyo. Neno moja tu. Shwari, hasira, usingizi, hofu. Ukianza kuandika insha utaacha siku ya tatu.

Sababu ya siku 14 ni kwamba kichwa kilichochoka hakitunzi kumbukumbu kwa haki. Kinakumbuka siku ile ya Jumapili uliyouza sana na kusahau Jumapili nne ulizokaa unafukuza nzi.

Lile neno la mwisho ndilo watu wanaliruka, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Kwangu "hasira" ilijitokeza kila Jumamosi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba tatizo ni wateja wa Jumamosi, watu wa kelele. Daftari likanionyesha kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kuja kuchukua nguo, na nusu ya nguo zilikuwa bado. Sikuwa nawachukia wateja; nilikuwa nazikimbia ahadi zangu mwenyewe.

Tahadhari: usibadilishe chochote katika siku hizi 14. Ukianza kujirekebisha mapema, daftari litaandika maisha ya mtu mwingine.

Umefanikiwa ukiona: siku moja ya wiki iliyo dhaifu kwa pesa, na siku moja iliyo nzito kwa moyo. Wakati mwingine ni ileile.

## Hatua ya 3: Jilipe mshahara, kisha ujue bei ya kufunga

Kama kila shilingi iliyomo kwenye droo ni yako, basi kila saa uliyofunga utaiona kama umeiba chakula cha watoto. Mtu hawezi kupumzika na hisia hiyo. Dawa ni kujiajiri kweli, yaani kuwa mwajiri anayelipa.

Chukua mauzo ya siku 14. Tuseme ni shilingi 420,000. Toa uzi, zipu, umeme na nauli ya kufuata vifaa, 150,000. Toa kodi ya fremu ya wiki mbili, 50,000. Zinabaki 220,000. Angalia sasa wiki moja moja: ya kwanza ilibakiza 130,000, ya pili 90,000.

Mshahara wako upange kwa wiki dhaifu, na chini yake kidogo: 80,000 kwa wiki. Siku moja ya wiki unahamisha pesa hiyo kutoka laini ya kazi kwenda laini ya nyumbani, na imeisha hiyo. Wiki nzuri haikupi nyongeza. Ziada inabaki kazini ili wiki mbaya isikukose.

Najua kuna nyumba ambazo 80,000 haitoshi. Ni afadhali ulijue hilo likiwa limeandikwa kuliko kuendelea kulificha kwa kufungua saa kumi na sita kwa siku. Pengine bei yako ni ya chini mno, na hilo halitatibiwa kwa kutolala.

Tafuta sasa bei ya siku ya kufunga. Chukua siku yako dhaifu. Imeingiza 18,000, lakini umeme, nauli, chakula cha mchana na vifaa vimekula 11,000. Kwa hiyo kilichobaki ni 7,000. Hiyo ndiyo bei yake. Ukiweka 1,200 kwenye kibubu kila siku katika siku sita ulizofungua, unapata 7,200, na siku ya saba imeshalipiwa. Watu wengi wanaiogopa ile 18,000, kumbe wanaipigania 7,000.

Kwa dereva wa bodaboda mwenye mkataba, jambo la kwanza ni kumuuliza tajiri, yaani mwenye pikipiki, kama kuna siku isiyo na hesabu, ile pesa unayompelekea kila siku. Mikataba mingine humpa dereva Jumapili. Kama wako haukupi, ongeza hesabu ya siku hiyo kwenye bei ya kufunga, na uipeleke kabla ya siku yenyewe.

Tahadhari: mkopo wenye rejesho la kila siku utaivunja siku yako ya kufunga kabla haijazaliwa. Ukiwa ndani ya mkopo wa namna hiyo, ule tunaouita kausha damu, kazi ya wiki hizi sita ni kumaliza deni hilo na kutochukua jingine. Pumzika nusu siku kwa sasa. Zaidi uziepuke zile programu za mikopo zinazowapigia simu ndugu na wateja wako ukichelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Aibu ya kupigiwa simu mkweo haiishi siku deni linapoisha.

Umefanikiwa ukiweza: kutaja bei ya siku yako ya kufunga bila kufungua daftari.

## Hatua ya 4: Punguza ahadi, siyo wateja

Hapa ndipo pagumu, na hapa nitakaa kidogo.

Fundi ana jina baya mjini, tukubali. "Njoo kesho jioni" yetu imekuwa utani. Lakini wanaocheka hawajui upande wa pili. Kila "kesho" ya uongo ni mtu unayemwogopa. Ukiwa na vitambaa ishirini vya kuchelewa, una watu ishirini wa kuwakwepa barabarani, na simu ishirini usizopokea. Hata ukifunga, hao wanakaa nawe sebuleni.

Tunaahidi uongo kwa sababu mbili. Ya kwanza, tunaogopa mteja ataondoka na kitambaa chake. Ya pili, tunataka kianzio chake leo, kwa kuwa kianzio cha mteja wa jana kimeshanunua mchele. Hii ya pili ni hatari. Ukishaanza kumshonea mteja wa zamani kwa pesa ya mteja mpya, umeingia kwenye mnyororo ambao hauna siku ya kupumzika. Ndiyo maana mshahara ulitangulia.

Fanya hivi:

Hesabu nguvu yako. Kwenye daftari la siku 14 hesabu nguo ulizomaliza kweli, na vifungo na pasi. Kama ni nguo 30 kwa siku 12 za kazi, uwezo wako ni mbili na nusu kwa siku. Panga mbili. Ile nusu ni ya umeme kukatika, ya sindano kuvunjika, na ya yule anayerudi kusema mkono unabana.

Jaza kalenda. Kila nguo iandikwe kwenye tarehe ya kushonwa. Tarehe ikishakuwa na mbili, imejaa. Mteja anayekuja anapewa nafasi ya kwanza iliyo wazi, pamoja na siku mbili za ziada. Nguo ya kushonwa tarehe 10 inaahidiwa tarehe 12.

Ionyeshe kalenda. Ukisema "nina kazi nyingi" mteja atabembeleza. Ukimwonyesha majina ya wenzake kwenye ukuta, mara nyingi ataafiki mwenyewe. Mwambie: "Mama, nikikupa Ijumaa nitakuwa nakudanganya. Jumanne nakupa, imepigwa pasi." Nimepoteza wateja kwa sentensi hiyo, sitasema sikupoteza. Waliobaki wameacha kunipigia saa nne usiku.

Safisha za zamani. Wapigie wote uliowachelewesha, asubuhi moja, mmoja baada ya mwingine. Toa tarehe mpya iliyo kwenye kalenda. Usieleze habari ndefu za msiba wa shangazi. Atakayetaka kitambaa chake mrudishie pamoja na kianzio, hata kama ni kwa mafungu. Asubuhi hiyo ni chungu, lakini ndiyo inayonunua usingizi wa mwezi.

Mwenye duka ahadi zake ni mikopo ya wateja na mali aliyochukua kwa wauzaji wa jumla. Mbinu ni ileile: orodha moja inayoonekana, tarehe za kweli, na kikomo ambacho ukikifikia unasema hapana.

Tahadhari: misimu ipo. Sare za shule Januari, wiki mbili kabla ya Idi, Desemba yote. Usijaribu kuanza mwongozo huu ndani ya msimu. Ukiwa umeshauanza na msimu ukakukuta, shusha mapumziko yawe nusu siku, kisha andika kwenye kalenda siku mbili kamili baada ya sikukuu.

Umefanikiwa ukiona: simu ya mteja inaita na unaipokea bila moyo kuruka.

## Hatua ya 5: Chagua siku, itangaze

Chukua ile siku dhaifu kwa pesa. Si lazima iwe Jumapili. Fundi aliye jirani na kanisa anaweza kuona Jumapili ndiyo siku yake ya vipimo, na Jumatatu hana mtu. Mama ntilie wa maofisini hana haja hata ya kufikiri.

Itangaze wiki mbili kabla. Andika kwenye karatasi ngumu na uibandike mlangoni: "Jumatatu tumefunga. Jumanne saa 2 asubuhi tupo." Mweleze jirani wa fremu, maana yeye ndiye atakayeulizwa. Kama hakuambiwa atasema "sijui, labda amehama".

WhatsApp ya biashara ina sehemu ya ujumbe wa kutokuwepo. Iweke ijibu yenyewe siku hiyo. Maneno machache yanatosha: "Asante kwa ujumbe. Leo tumefunga, tutakujibu kesho kuanzia saa 2 asubuhi."

Tahadhari: usihamehame. Wiki hii Jumatatu, ijayo Jumatano, mteja akija mara mbili akakuta kufuli, ataamini huna mpango. Siku ikiwa moja, ataizoea kama alivyozoea siku ya gulio.

Umefanikiwa ukisikia: mteja mwenyewe anasema "nilikumbuka Jumatatu hupo, nikaja leo".

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Laini ya kazi izimwe toka jioni ya kuamkia siku hiyo. Kuiweka kimya haitoshi, utaichungulia.

Usiku huo lala mpaka uamke mwenyewe. Halafu toka nje ya nyumba kwa jambo lisilo la biashara. Tembea ufukweni, nenda ukacheze bao, mtembelee rafiki asiyekuwa mteja. Aliyejiajiri hukaa na watu kutwa nzima, lakini wote wanataka kitu kwake. Siku hii kaa na wasiotaka kitu.

Kwa wanawake kuna mtego wake. Siku ya kufunga duka inageuka siku ya kufua, kupika kwa wageni, kikao cha kikoba na kwenda msibani Chanika. Ukifika jioni umefanya kazi kuliko Jumanne. Kubalianeni nyumbani mapema: saa nne za siku hiyo ni zako, na nguo zifuliwe na nani. Mume aliyekuwa anakuambia "pumzika, mama" ndiye wa kwanza kupewa beseni.

Tahadhari: wiki mbili za kwanza utajisikia vibaya. Utawaza mteja mkubwa amekuja na kuondoka. Hofu hiyo usiichukue kama ushahidi. Iandike kwenye daftari, na kesho yake muulize jirani ni wangapi walikuja kweli. Andika na idadi.

Umefanikiwa ukiona: umefika saa kumi jioni na hujakumbuka kufikiria duka.

## Hatua ya 7: Wiki ya sita, jiulize unang'ang'ania nini

Rudia yale maswali mawili. Linganisha namba na ya ukurasa wa kwanza. Ikishuka, endelea. Ikibaki palepale kwenye 3 au juu yake na hukwenda hospitali mwanzoni, nenda sasa.

Kisha kuna swali jingine, ambalo huwezi kulijibu ukiwa umechoka na ndiyo maana limekaa mwisho. Mwaka 1991 watafiti wawili wa mambo ya kazi, John Meyer na Natalie Allen, walieleza kwamba mtu hubaki kazini kwa mambo matatu: anaipenda, anaogopa hasara ya kuondoka, au anaona ana wajibu wa kubaki. Walikuwa wanazungumzia waajiriwa, lakini nimeona yanatufaa na sisi.

Gawa ukurasa mara tatu. Kwanza: ni nini katika kazi hii ningekifanya hata kwa malipo madogo? Pili: nikiacha nitapoteza nini, kwa shilingi? Tatu: nitamvunja nani moyo? Kuwa mkweli kwenye la pili. Pesa uliyokwisha kuitia kwenye kazi hii haimo, hiyo imeshakwenda ubaki au uondoke. Inayohesabika ni utakayoikosa kuanzia kesho.

Safu ya kwanza ikiwa na maneno, hata mawili, kazi hii ina mizizi. Endelea na siku yako ya kufunga. Ikiwa tupu na mbili nyingine zimejaa, rudia zoezi baada ya mwezi. Ikibaki tupu mara ya pili, anza kupanga kutoka taratibu: usipokee kitambaa kipya, maliza vilivyomo kwenye kalenda, rudisha vianzio vya wale usioweza kuwashonea, na mwarifu mwenye fremu kabla kodi haijaisha. Cherehani usiiuze mwezi huohuo. Ifunike, iweke nyumbani, uone kama baada ya wiki nane utaitafuta.